Guta la Wazee

Nilipochaguliwa kuingia kwenye kamati ya kijiji ya wazee na watu wenye ulemavu, nilidhani kazi yangu itakuwa kukaa kwenye benchi na kunywa soda ya mkutano. Mimi ni fundi cherehani. Mguu wangu wa kulia ulilemaa kwa polio nikiwa msichana mdogo, natembelea gongo, na cherehani naikanyaga kwa mguu mmoja vizuri kuliko wengine wanavyoikanyaga kwa miwili. Kijiji chetu kiko juu uwandani, upande wa Newala, si mbali sana na Chilangala.

Kamati tulikuwa watatu. Katibu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kofia ya pama na kalamu mbili mfukoni. Mwenyekiti alikuwa bibi mmoja asiyeona, aliyekuwa mkunga wa kijiji kabla macho hayajamwacha. Nusu ya watu tunaokutana nao njiani walizaliwa mikononi mwake.

Siku ya kwanza afisa maendeleo wa kata alituletea fomu. Alisema tujaze mahitaji ya kundi letu ili yaingie kwenye mpango wa kijiji wa mwaka. Mwalimu akaandika mara moja: miwani ya kusomea. Mimi nikamwambia aongeze njia ya mteremko pale zahanati, maana zile ngazi nazipanda kwa kujikokota.

"Bibi, na wewe unataka tuandike nini?" nilimuuliza.

"Hapa tulipo ni wapi?"

"Ofisi ya kijiji, bibi."

"Na mimi nimefikaje?"

"Umeletwa na mkweo."

"Basi nendeni mkawaulize wasio na mkwe."

Mwalimu akaifunga kalamu yake. Kesho yake tukaanza kupita nyumba hadi nyumba, mimi na yeye, tumepakizana kwenye bodaboda na gongo langu nimelilaza mapajani. Tulichukua wiki mbili. Niliona aibu, kwa sababu siku zote nilijiona mtu anayekifahamu kijiji chake. Kumbe niliwafahamu wanaofika kwangu kushonesha nguo.

Nyumba ninayoikumbuka zaidi ilikuwa ya mwisho kabisa, ukianza kuingia mashamba ya mikorosho. Pale aliishi mzee mmoja aliyefiwa na mke, pamoja na binti yake. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mzee mkono na mguu wa kushoto. Binti alitueleza kwamba mara ya mwisho walimpeleka zahanati kwa baiskeli, wakaanguka wote kwenye mchanga, na tangu siku hiyo baba yake alisema hatoki tena. Miaka ilikuwa imepita.

"Shikamoo mzee," Mwalimu alisalimia, maana mzee alimzidi umri. "Tumekuja kuuliza unahitaji nini, tuandike."

"Marahaba. Andika nataka kuona watu."

Mwalimu akaitazama fomu. "Mzee, hapa kuna afya, maji, elimu na miundombinu."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi andika kwenye miundombinu."

Nilicheka mpaka gongo likaniponyoka. Mzee naye akacheka, upande mmoja wa mdomo, na binti yake akatuambia kwamba hajamsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu.

Tulipomaliza kuzunguka tuliona kwamba wote wametuambia jambo lilelile kwa maneno tofauti. Zahanati tunayo, na kwa ugonjwa mkubwa hospitali ya Ndanda ipo. Kinachowashinda ni kutoka mlangoni kwao hadi huko. Mwalimu akafuta miwani yake kwenye fomu, mimi nikafuta mteremko wangu, tukaandika neno moja: usafiri.

Afisa maendeleo alitupa njia. Halmashauri hutoa mkopo usio na riba kwa vikundi vya watu wenye ulemavu. Tuunde kikundi, alisema, tukope guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma. Siku nyingine libebe maji na magunia ya korosho kwa kukodishwa, na mkopo ulipwe kwa mapato hayo. Jumanne liwe la wazee na walemavu bila malipo. Kilichobaki ni mafuta na posho ya dereva kwa hizo Jumanne, na hiyo ilibidi itoke kwenye ushuru wa korosho wa kijiji. Hapo lazima mkutano mkuu ukubali.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, watu wengi kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimeandika hotuba yangu kwenye karatasi. Kabla sijaitwa, akasimama mkulima mmoja mwenye shamba kubwa la mikorosho, mtu anayesikilizwa.

"Mimi mama yangu namtunza mwenyewe," alisema. "Sijamwomba mtu. Kila mtu na mzee wake."

Watu wakapiga makofi, si wachache. Nilipopewa nafasi, karatasi ilikuwa mkononi lakini maneno yalikuwa yamenikimbia. Nikasema mawili matatu, nikakaa. Ndipo bibi mwenyekiti akaomba ashikwe mkono asimame.

"Aliyesema kila mtu na mzee wake ni nani?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sauti yako naijua tangu ulipolia mara ya kwanza. Siku ile mvua ilikuwa kubwa, na mimi nilitoka kwetu hadi kwenu kwa miguu. Sasa leo nataka kwenda zahanati. Nani atanipeleka?"

Watu wakaanza kuguna na kucheka. Mkulima akavua kofia yake. "Bibi, nitakupeleka mimi. Hata kukubeba nitakubeba."

"Na Jumanne ijayo?"

"Nitakubeba, bibi."

"Na msimu wa korosho?"

Akaigeuzageuza kofia mkononi. Kisha akaanza kucheka mwenyewe, akajipiga paja.

"Msimu wa korosho, bibi, hapo panakuwa pagumu."

Vicheko vilivyolipuka pale, mwenyekiti wa kijiji alichukua muda kuvituliza. Kura zilipoitishwa, mkono wa mkulima yule ulikuwa wa kwanza kwenda juu. Mimi nilinyoosha gongo.

Mkopo ulikawia. Tulijaza karatasi, tukarudishiwa, tukajaza tena. Ulipotoka, tulishuka Masasi watatu: mimi, Mwalimu, na dereva tuliyemchagua, baba mmoja mtu mzima aliyewahi kuendesha lori la korosho. Guta tulilinunua, tukalipeleka kwa fundi wa kuchomelea atutengenezee mabenchi, vyuma vya kushikilia, na ubao wa mteremko wa kukunja nyuma. Alipomaliza nilipanda kujaribu. Nilipokaa, miguu yangu ikaning'inia hewani.

"Fundi, yashushe."

"Dada, hivi ni vipimo vya kawaida."

"Kawaida ya nani? Mimi ndiye abiria."

Alinitazama, akamtazama Mwalimu, ambaye naye alikuwa amekaa huku miguu yake inaelea. Akacheka, akawasha mashine, akakata vyuma vyake upya, nasi tukaenda kula wali na maharage.

Safari ya kurudi sitaisahau. Milima ya mawe ya Masasi ilibaki nyuma yetu, na njia ilipoanza kupanda kuelekea Newala injini ikaanza kunguruma kama inalalamika. Dereva alikuwa anaibembeleza kwa maneno matamu kabisa. Upepo ulichukua pama la Mwalimu, tukasimama, na mzee mzima akakimbia kulifuata bondeni huku anacheka kama mwanafunzi wake. Tulipoingia kijijini wanawake walipiga vigelegele. Magodoro ya mabenchi niliyashona mwenyewe, ya turubai la buluu.

Jumanne ya kwanza tulianzia nyumba ile ya mwisho. Mzee alikuwa ameshanyolewa, kanzu nyeupe, kofia imekaa sawasawa. Binti yake na dereva walimpandisha ubaoni wamembeba kwenye kiti chake, na alipofika juu akashika chuma na kutazama njia kana kwamba guta ni lake. Bibi mwenyekiti, tuliyekuja naye, alikaa karibu yake. Zahanati walimpima mzee presha, ikaonekana iko juu. Nesi alimgombeza kwa kupotea, akampa dawa na tarehe ya kurudi, naye akaitikia kila kitu kwa upole.

Wakati wa kurudi akasema, "Dereva, tupitie sokoni."

Mwalimu akatoa daftari. "Mzee, ratiba haina soko. Ni nyumbani, zahanati, nyumbani."

"Mwenyekiti nani hapa?" bibi akauliza.

"Ni wewe, bibi."

"Tupitie sokoni. Nimesikia ming'oko imeingia."

Tukapita. Guta halijasimama vizuri watu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, kisha kundi. Akatokea mzee mwingine na fimbo yake, akatazama ndani, akaacha fimbo ianguke. Yeye na mzee wetu walikuwa wameingia jando pamoja. Alipandishwa kwa ubao, akakaa, wakashikana mikono na kuanza kutukanana matusi ya utani ambayo Mwalimu aliniomba nisiyarudie popote. Bibi alinunua ming'oko yake, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, na kuwagawia wote. Nguo za watu zilikuwa zinanisubiri kwenye cherehani, na mimi nilikuwa nimeegemea guta, natafuna, sina haraka hata kidogo.

Kikao kilichofuata Mwalimu alirekebisha ratiba. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri: soko, nusu saa.

"Saa nzima," bibi akasema.

"Bibi, mafuta."

"Guta likisimama linakunywa mafuta?"

Mwalimu akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akafuta, akaandika saa nzima.