Sikio la Fundi Haina Shida

Fundi makochi wa mtaani kwetu aliitwa Haina Shida, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini. Ukimwambia kochi limebonyea upande mmoja, haina shida. Ukimwambia uliagiza kitambaa cha kijani naye ameweka chekundu, haina shida. Ukimwambia utamlipa Mungu akijalia, haina shida, na tabasamu juu yake. Watu wakamsifu kwa moyo mkubwa. Mkewe alijua kwamba moyo ulikuwa wa kawaida tu; wenye kasoro walikuwa masikio.

Nyundo na mashine za kushonea zilikuwa zimeyamaliza miaka mingi. Mwenyewe hakukubali. Kwake yeye, watu wa siku hizi walikuwa na tabia mbaya ya kunong'ona.

"Mume wangu, twende ukapimwe masikio," mkewe alimwambia asubuhi moja.

"Nimeshakula," akajibu.

Basi siku moja mwenye hoteli aliyekuwa ameagiza makochi ya vyumba vyote akapiga simu, mashine zikinguruma karakanani. Biashara ilikuwa imemharibikia, akasema, "Simamisha kazi." Fundi akasikia "Kamilisha kazi." Haina shida! Akakamilisha mpaka kochi la mwisho, kwa mbao na sponji za mkopo. Makochi yakajaa karakana, yakamwagika barazani, yakafika mpaka kwenye mlango wa jirani, ambaye alianza kuyakalia jioni kama mwenye nyumba. Hakuna aliyekuja kuyachukua. Yakauzwa kwa bei ya kutupa, mashine nazo zikafuata, na bado deni likabaki limekaa palepale. Mwisho wa yote mahakama ikamtangaza mufilisi.

Fundi akaenda kufanya kibarua kwenye karakana ya mtu mwingine, na mahakama ikampa msimamizi wa kupanga kipato chake: kipi kibaki nyumbani, kipi kiende kwa wadai. Msimamizi mwenyewe alikuwa binti mpole wa maneno, mkali wa kalamu. Aliwakalisha mtu na mkewe mbele ya meza ndogo, karibu kabisa, na kwa ukaribu ule fundi aliweza kusoma midomo yake bila taabu.

"Baba, kwa mwezi mnatumia kiasi gani kwa matibabu?"

"Hakuna. Mimi ni chuma, mwanangu."

Mkewe akafungua mkoba, akatoa pakiti ya vidonge vya presha, akaiweka mezani. "Chuma hiki hapa. Tangu tufilisike anameza nusu nusu, eti anabana matumizi."

Fundi akainamisha uso. "Sasa nina deni la watu, halafu ninunue dawa? Si nitakuwa nakula jasho lao?"

"Baba, sheria yenyewe inakuruhusu," msimamizi akasema. "Matumizi ya afya yanayohitajika kweli yanatolewa kwanza, ndipo wadai wapate. Ukianguka kazini, nani atawalipa?"

Fundi akatafakari. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguliwa, akajaribu kupitisha mzigo wake. "Kama ni hivyo, andika na kahawa ya jioni pale kwa kinyozi. Ile inanituliza moyo."

"Kahawa si dawa, baba."

"Basi andika gazeti. La kufanyishia macho mazoezi."

Msimamizi alicheka mpaka akavua miwani, lakini hakuandika. Akaandika vidonge, vizima, si nusu. Kuhusu masikio fundi hakusema neno, na mkewe alipofungua mdomo alimkanyaga mguu chini ya meza.

Kilichofuata ni mkutano wa wadai, katika ukumbi mpana wenye mwangwi. Mbele kabisa alikaa muuza mbao, mtu wa sauti nzito na masharubu yaliyofunika mdomo wote. Hapo hapakuwa na midomo ya kusoma.

"Una shamba mahali?" muuza mbao akauliza.

Fundi akasikia anaulizwa habari za shangazi. "Ninaye," akasema kwa upole. "Lakini ni mkongwe sana."

Watu wakatazamana. Muuza mbao akainuka. "Nani analilima?"

"Anayemlea ni binamu yangu. Mimi natuma kidogo nikipata."

"Mmesikia!" muuza mbao akapiga kelele. "Ana shamba kalificha kwa binamu, na pesa anatuma!"

Ukumbi ukachafuka. Fundi, akiona watu wamechangamka, akatabasamu na kusema, "Haina shida."

Msimamizi alizunguka taratibu, akasimama nyuma ya kiti cha fundi na kusema kwa sauti ya kawaida, "Baba, umekalia koti langu." Fundi hakutikisika. Binti akarudia. Fundi akaendelea kutabasamu. Mkewe akajifunika uso kwa mtandio. Haikujulikana kama analia au anacheka, na nadhani vyote viwili.

Muuza mbao akaelewa. Alizunguka akakaa mbele ya fundi, akayainua masharubu kwa vidole viwili na kutamka neno moja moja: "Nilipokupigia simu kudai pesa yangu, ukaniambia haina shida, ulisikia nini?"

"Nilisikia mtu ana furaha."

"Nilikuwa nakutukana!"

"Basi ulitukana kwa sauti nzuri," fundi akasema, kisha akaacha utani. Akawaeleza yote, pamoja na ile simu ya mwenye hoteli, ambayo alikuja kujua baadaye kwamba aliisikia kinyume, siri ambayo hata mkewe hakuwa ameijua. Aliona aibu kuliko siku makochi yake yalipopigwa mnada.

Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili lilipimwa, daktari akathibitisha, na kifaa cha kusikilizia kikaingizwa kwenye matumizi ya afya, pamoja na betri zake. Muuza mbao alinung'unika kwamba sasa pesa yake inaingia kwenye tundu la sikio la mtu, lakini hakupinga. Alijua fundi asiyesikia vipimo hukata mbao za watu vibaya.

Fundi alimaliza malipo yake baada ya miaka michache, mahakama ikamwondolea ufilisi, na sasa ana kibanda kidogo cha kushona viti kwa fedha taslimu tu. Vidonge humeza vizima. Kahawa ya kinyozi hujilipia mwenyewe, na huko amegundua kwamba miaka yote ile wenzake walikuwa wakimsengenya mbele yake. Amewasamehe, ila mkewe bado hajazoea: akitaka kumlalamikia mumewe siku hizi, inambidi atoke nje aende kwa jirani.