Mnada wa Jogoo Mwekundu

Mwaka mzima parishi yetu hapa Voi ilikaa bila kasisi, na ndovu wakamaliza mahindi ya waumini. Mimi, mzee wa kanisa, nilimwandikia askofu barua sita nikimwomba atupe mtu.

Jumapili iliyopita, nilipotoka ibadani, nilikuta mlangoni gunia la viazi vitamu na jogoo mwekundu. Nilifurahi, maana sadaka ya mazao ilikuwa imerudi. Papo hapo nikaanza mnada, kama desturi yetu.

Viazi alivichukua Mama Mkamburi. Nilipomwinua jogoo, mgeni mwenye koti la kijivu alinyoosha mkono.

"Mzee, samahani..."

"Mia nane kwa baba wa koti. Nani ataongeza?"

Akanyoosha tena.

"Anajiongezea mwenyewe. Elfu moja. Jifunzeni kwa mgeni, nyinyi."

Watu walipiga makofi. Nikamkabidhi jogoo.

"Lakini huyu ni wangu," akasema.

"Sasa ni wako kabisa."

"Ni wangu tangu Wusi nilikotoka. Na viazi pia." Akatoa barua ya askofu mfukoni. "Nimeambiwa wewe ndiye mwenye ufunguo wa nyumba ya kasisi."