Tisheti ya Kumzika Mama

Kuna video yangu inayozunguka kwenye simu za watu wa ukoo wetu, na kama umeiona tafadhali usiniambie, maana mimi ndiye niliyesimama kando ya jeneza la mama yangu mzazi nikiwa na kipaza sauti mkononi, na watu wanacheka. Nimeamua kuieleza mwenyewe, kwa mpangilio, kwa sababu wengine wote huanzia mwishoni.

Mambo yalianzia dukani. Huku kwetu mtu akifa, familia huvaa tisheti za sare zenye picha ya marehemu, na kwa kuwa mimi ni karani (ndugu zangu hunikumbuka tu kukiwa na orodha ya kuandikwa), nilipewa kazi ya kukusanya saizi za watu thelathini na sita na kuzipeleka mjini Kisumu, kwenye duka la nguo ambalo pia hubandika picha kwa mashine ya moto. Niliandika saizi ya kila mtu, hata ya mjomba anayeishi Port Victoria, ambaye alinijibu, "Andika tu ya mwanaume." Jina lililobaki bila saizi lilikuwa langu.

Sikusahau. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na saizi yangu sikuijua. Mama alikuwa fundi wa nguo mtaani Nyalenda, na hadi alipolazwa nguo zangu zote alinishonea yeye, kuanzia sare ya shule hadi gauni la harusi, bila kunitajia namba hata siku moja. Alikuwa ananizungusha, anapitisha tepu, anaimba kidogo, basi.

Msichana wa dukani alinitazama juu hadi chini kabla sijafungua mdomo.

"Madam, yako hapa hutapata. Saizi maalum ziko juu."

Alisema kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, na wateja wakageuka. Nikapanda ngazi (nyembamba, sijui aliyeamua kutupandisha sisi huko alikuwa anawaza nini), nikakuta chumba chenye pazia, ubao umeandikwa SAIZI MAALUM kama wodi, na tisheti nzuri za kunitosha kabisa. Zote zambarau, na sare yetu ilikuwa nyeupe.

"Nyeupe hakuna?" nikamuuliza muuzaji wa huko juu.

"Nyeupe ni za chini."

"Na za chini, zambarau zipo?"

"Zambarau ni za huku, Madam."

Yaani katika duka zima hakukuwa na rangi moja ya kunivisha mimi pamoja na ndugu zangu. Nilijiona kando ya kaburi, watu thelathini na tano wamevaa nyeupe na mimi nimesimama katikati yao kama biringanya, nikashuka ngazi, nikaandika XL mbele ya jina langu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote za chini, na nikamwambia msichana kwamba hiyo ni ya mtu mwingine. Sikuijaribu.

Asubuhi ya mazishi, nyumbani karibu na Maseno, nililala chali kitandani ili iingie. Iliingia, ila picha haikuingia salama. Mama alikufa amekonda, basi tulichagua picha yake ya zamani akiwa na afya, na sasa mashavu yake yalikuwa yamevutwa hadi kwapani mwangu, na nyufa zilikuwa zimeanza kumtokea kwenye paji la uso. Tumbo nililifunga leso. Uso wa mama ningeufunga na nini?

Shangazi Perez, dada yake baba, alinipokea mlangoni.

"Akinyi, hiyo umeivaa ama umepakwa?"

Binamu zangu wakacheka, na mimi nikacheka (hilo linaniuma hadi leo, kwamba nilicheka nao).

Nilipoitwa kusoma wasifu wa marehemu nilikuwa napumua juu juu. Niliuandika mwenyewe, kurasa mbili, kila jambo mahali pake. Nikafika kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Mama alikuwa fundi, na hakuna aliyewahi kutoka kwake na nguo isiyomtosha."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Kicheko cha kuzuiwa kikatoka hema moja hadi jingine. Nikainua mkono nifute macho, na mshono wa kwapa ukaachia hadi kiunoni, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa hapo hapo, hata waliokuwa wakipika nyuma ya nyumba waliusikia: krrrr.

"Woi! Amempasua mamake!" akapiga kelele Shangazi, na hapo hata mchungaji akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

Yule mjomba wa Port Victoria akavua koti lake. "Vaa, nyathina," akaninong'oneza, yaani mtoto wangu, na alikuwa analia. Koti nalo halikufunga. Nikaketi. Ukurasa wa pili, unaoeleza ugonjwa wa mama na jinsi alivyouvumilia bila kumsumbua mtu, haukusomwa.

Watu huniuliza kama ninataka maduka yaondoe zile sehemu za watu wanene. Hapana. Nguo za juu zilinitosha. Nilichokataa ni ngazi, pazia na ule ubao. Nguo hizo zitundikwe chini pamoja na za wengine, kwa rangi zile zile, na mtu achague bila kutangazwa. Lakini pia nisijidanganye, msichana yule hakunishika mkono niandike XL.

Wiki iliyofuata nilifungua daftari la vipimo la mama, nijue namba zangu. Wateja wake wote wamo, kifua, kiuno na nyonga, hata Shangazi Perez (kiuno chake nimekiona, na sitasema). Mbele ya jina langu hakuna namba. Ameandika neno moja: "Najua."

Nikajipima kwa tepu yake na kuziandika namba chini ya neno hilo. Kuanzia sasa nikiulizwa nitazitaja, hata mbele ya duka zima, maana aliyejua bila kuuliza tumemzika, na ukurasa wake wa pili bado ninao mkobani.