Mbao Sita za Mninga

Hii habari inanionyesha mimi mjinga. Nasema mapema, usije ukanionea huruma bure katikati. Kule kwetu Igowole wakikiona kile kiti bado wanaanza kucheka, halafu wanakumbuka, wananyamaza.

Mimi ni fundi seremala Mafinga. Shule nimeishia la saba, ila mdomo wangu una digrii. Kwenye karakana yetu tunatengeneza vitanda, milango na majeneza, na hayo ya mwisho ndiyo biashara isiyosubiri msimu. Yote kwa paina, maana msitu uko pale pale, ukipiga chafya unatoa vumbi la mbao.

Mama yangu paina hakuitaka. Zamani alikuwa anapeleka viazi Chimala anarudi na mchele, na safari moja alirudi na mbao sita za mninga. Akazipanga darini juu ya jiko, zikawa nyeusi kwa moshi. Zilikuwa za sanduku lake la kuzikiwa. Kwetu mtu mzima akijiwekea hivyo hakuna anayeshangaa. Alisema paina inaliwa na mchwa kabla watu wa msiba hawajamaliza chai, lakini mninga mchwa anaung'ata, anaumia meno, anaondoka.

Mwaka juzi moyo ukaanza kumsumbua. Hospitali walisema umepanuka, wakampa dawa za kupunguza maji mwilini, tukarudi nyumbani. Miguu ilivimba mpaka ndala hazikumwingia. Kibaya zaidi ni kulala. Akijinyoosha tu pumzi inakata, kama mtu anayezama. Basi akawa anakaa kitandani ameegemea gunia la maharage, usiku na mchana, anasinzia dakika mbili anashtuka. Mama mdogo, yaani mdogo wake, alihamia pale kumshikilia mgongo. Mimi nilikuwa naenda kila Jumamosi na maneno yangu.

Jumamosi moja mama akaniambia nishushe zile mbao nimtengenezee sanduku, alione akiwa hai, aikague kazi yangu. Alisema kama utani lakini macho hayakuwa na utani. Nikakataa. Kila asubuhi kabla ya kushika randa nilikuwa naomba apone, na niliona mtu anayeomba mama yake apone huku anampimia sanduku, huyo anamchezea Mungu.

Ndipo ujinga ukaniingia. Siku mama mdogo alipompeleka kliniki, nilizishusha mbao zote sita, nikazipakia kwenye lori mpaka Mafinga, nikazikata. Nikatengeneza kiti kikubwa cha mikono. Nikamwambia Mungu, akipona atakaa hapa barazani achambue maharage. Halafu nikawatangazia wenzangu wote wa kwaya, ili Mungu akose njia ya kurudi nyuma.

Kazi yenyewe niliiharibu. Miguu ya nyuma niliikata mifupi, na egemeo nikalilaza, kiti chote kikawa kinaangalia juu. Bosi wangu alikizunguka mara mbili, akaniuliza kama mama anaenda kunyolewa ndevu. Mbao zilikuwa zimeisha, sikuwa na namna ya kurudia.

Nikakipeleka hivyo hivyo. Mama alikitazama muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye mkono wa kiti, pale ambapo weusi wa moshi haukutoka vizuri.

"Umekata nyumba yangu," akasema.

"Nimeiwekea miguu, mama. Utatembea nayo."

Hakucheka. Mama mdogo alinisonya. Lakini lile gunia lilikuwa limemchosha mama, akaomba tumkalishe. Akaegemea nyuma, tukamfunika kitenge. Kabla sijamaliza kujitetea alikuwa anakoroma.

Nikajua nimeshinda. Jumapili nilipeleka jogoo kanisani kwa shukrani, akapigwa mnada nje baada ya ibada kama kawaida yetu, na mimi nikasimama kifua mbele nikasema Mungu ameanza kujibu. Siku zile mama alilala kwenye kile kiti kweli kweli. Akiamka anaomba chai, anakunywa, analala tena. Miguu haikupungua. Mimi sikuwa naiangalia miguu.

Wiki ya tatu, Jumatano mchana, nimeshika msumeno, simu ikaita. Mama mdogo alisema alienda kuchota maji, amerudi, dada yake haamki.

Sanduku nililitengeneza mwenyewe. Paina. Bosi alitaka kunisaidia nikakataa, halafu ilipofika misumari ya kifuniko nikampa nyundo, akapiga yeye. Kila pembe ilikutana na mwenzake. Sijawahi kufanya kazi iliyonyooka kama ile, na ndiyo niliyowapelekea mchwa.

Msibani wazee waliingia jikoni, wakatazama darini, wakakuta patupu. Mmoja akauliza mninga wa marehemu uko wapi. Kiti kilikuwa pale uani, kila mtu anakiona. Kijana mwenzangu wa kwaya akaninong'oneza, je, jogoo wanamrudisha? Sikumlaumu. Utani wa namna ile nilimfundisha mimi.

Tulipotoka kuzika sikuingia ndani. Nilichukua shoka nikakifuata kile kiti, nikipasue kiwe kuni za kupikia watu wa msiba. Mama mdogo akatoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama kati yangu na kiti.

"Unajua dada yangu alikuwa anaomba nini?"

Nikasema apone, kama mimi.

"Kupona ulikuwa unaomba wewe, mwanangu. Yeye nilimsikia mimi niliyekuwa nimemshika mgongo. Alikuwa anaomba alale. Basi. Miezi mitano anaomba usingizi, halafu unatokea wewe, na mbao zake umezikata vibaya." Akaliangalia lile shoka. "Weka hilo chini. Shika upande huo tukiingize ndani, mvua inakuja."