Ukuta Niliousemea Uongo

Shangazi yangu ana steshenari hapa Mpanda, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kutwa alikuwa anachapa barua za watu na mitihani ya walimu huku shingo imeinama, kwa sababu monita yake ilikuwa chini mno. Tuliinyanyua kwa rimu za karatasi, lakini mteja akitaka karatasi rimu inatolewa, monita inashuka tena. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwenye simu kwamba monita bapa inaweza kufungwa ukutani kwa breketi, meza ikabaki wazi. Alifurahi. Akaagiza breketi, akamwita fundi.

Fundi ni kijana, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi mtaani kwetu. Drili yake bado ilikuwa na stika. Akagonga ukuta kwa kidole.

"Dada, hizi tofali za kuchoma au mbichi?"

"Za kuchoma," shangazi akajibu. "Kaka yangu hawezi kujenga na matope."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ukuta ule ni wa tofali mbichi. Mwaka tuliojenga mvua iliwahi, tanuru likalowa kabla moto haujakolea, na baba akamalizia upande ule na tofali mbichi, kisha akapiga lipu juu. Nilizibeba mwenyewe kichwani. Shangazi wakati huo alikuwa anaishi Ikola, hakujua. Baba alitukataza kuyasema, lakini nisimsingizie baba. Kilichonifunga mdomo ni watu watatu kwenye benchi waliokuwa wanasubiri kopi, na mmoja ninasoma naye darasa moja.

Drili ikazama bila shida. Shangazi alikuwa ametoka nje kupokea simu, kwa hiyo fundi akaniuliza mimi, taratibu tu.

"Mdogo wangu, mbona laini hivi? Una uhakika ni za kuchoma?"

"Ndiyo," nikasema.

Siku mbili shangazi alichapa shingo imenyooka, akawatania wateja kwamba sasa wamwite meneja. Siku ya tatu breketi ikang'oka na skrubu zake na kipande cha lipu, monita ikalala kifudifudi juu ya kibodi. Kioo kikapasuka.

Fundi akaitwa. Benchi lilikuwa limejaa.

"Wewe ufundi umefundishwa na nani, mbuzi?" shangazi akamwuliza. Watu wakacheka. "Mtaa huu usiguse tena ukuta wa mtu. Nitawaambia wote."

Fundi akachota udongo uliodondoka, akausugua kiganjani, akaniangalia. "Nilikuuliza, mdogo wangu."

Nikasema sikumbuki. Sauti ilitoka ndogo mpaka shangazi akauliza nimesema nini, ikabidi niseme mara ya pili. "Sikumbuki."

Fundi alichukua begi lake akaondoka.

Wiki ile ile jirani alitaka kufungiwa televisheni ukutani. Nilimsikia akisema, "Siyo yule wa mbuzi," akaita fundi kutoka mtaa wa pili.

Kesho yake nilikaa steshenari mpaka mteja wa mwisho akatoka, ndipo nikamweleza shangazi yote: tanuru, mvua, lipu, na ile "ndiyo" yangu. Nilitegemea kofi. Aliendelea kukaa, ameshika shingo.

"Kwa nini umesubiri watu watoke?" akauliza.

Nikainama kupanga rimu za karatasi.

"Yule kijana nilimtukana watu wakiwepo. Mimi nitamfuata nimwombe radhi. Lakini wewe utayasema haya haya mbele ya watu, hapa hapa."

Nikasema sawa, shangazi.

Akaingia mama jirani, yule wa televisheni, ana cheti cha kutolewa kopi. Akaketi kwenye benchi, akatusalimia. Shangazi akaitikia, kisha akanitazama, akangoja. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikapokea kile cheti, nikaenda nacho kwenye mashine, nikawapa mgongo wote wawili.