Vidonge vya Kitanda cha Pembeni

Asubuhi moja hospitalini, hapa Kalemie, mke wangu Bibiane aliniuliza mimi ni nani.

Jasho lilimtoka kama mtu aliyetoka ziwani. Mikono inatetemeka. Kisha akazimia.

Malaria iliyomlaza ilikuwa imekwisha. Daktari alisema damu ni safi. Lakini kila akinywa chai, jua likianza kupanda, anazimia.

Mama mkwe, Mama Huguette, alikuwa na jibu lake. Mulozi, yaani mchawi, ni Rosine, dada yangu, kwa sababu yeye ndiye anayepika ile chai.

"Mukwe, ondoa dada yako hapa," aliniambia, "ao utazika muke."

Rosine alikaa nje kwenye simenti, analia. Hakuna aliyemkaribia.

Nikakimbilia farmasi ya hospitali kuomba serumu ya kutundika, sindano, chochote. Papa Anatole, mkuu wa farmasi, hakugusa hata kabati. Aliuliza Bibiane anameza nini.

"Ninyi njo munamupa dawa," nikamjibu. "Unaniuliza nini? Muke wangu anakufa."

"Njo maana nauliza, Papa."

Akafunga dirisha, watu wa foleni wakaguna, tukaenda wote. Kitandani akainua mto. Chini yake palikuwa na dawa zetu, na kibahasha nisichokijua. Vidonge vidogo, vyeupe.

"Hii inashusha sukari, ni dawa ya wagonjwa wa sukari. Nani anamupa?"

"Ni mimi," Mama Huguette akasema polepole. "Kila asubuhi, na chai."

Vidonge alipewa na Constance, mjane wa kitanda cha pembeni. Mume wake alipofariki, alitugawia vilivyobaki: sabuni, makaa, dawa. Pale ndivyo tunavyoishi, anayeondoka humwachia anayebaki. Alisema vidonge vile vilikuwa vinamwinua mume wake.

Muuguzi akamtoboa Bibiane kidole. Sukari ilikuwa karibu kuisha mwilini. Wakamtundikia serumu ya sukari. Papa Anatole hakuondoka; alisema dawa ile hukawia kutoka mwilini, inaweza kumwangusha tena.

Mchana Bibiane akafungua macho. Akaniita kwa jina.

Mama Huguette alitoka nje, akapiga magoti mbele ya Rosine kwenye simenti ya moto.

"Mulozi njo mimi," akasema.

Rosine alijifuta macho. "Simama, Mama. Bibiane ana njaa."

Ndugu zangu, sabuni ya marehemu fulia. Dawa yake ipeleke farmasi, uliza kwanza. Aliyetugawia vile vidonge alitupenda, na kwa upendo ule ule tulikaribia kumzika mtu.