Ndama Aliyefufuka Siku ya Nne

Juzi mjukuu wangu Cherotich alinunua ngozi ya ng'ombe soko ya Siongiroi, akaitandika sebuleni, akaniambia, "Kogo, hii ni urembo." Kogo kwetu ni bibi. Mimi nilizaliwa juu ya ngozi, nikakua nikahamia godoro, na sasa ngozi imenifuata kwa jina la urembo. Basi alasiri mvua ya mawe ikashuka kama kawaida yetu, bati likavuja palepale linapovujaga, na ile ngozi ikalowa. Harufu ikapanda. Ninyi mliolelewa na ng'ombe mnaijua: nzito, ya chumvi, inakaa kooni kama kitu ulichotaka kusema ukasahau. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini, kwa sababu mle ndani ya mvuke wa chai nilimwona Chelel amesimama kwenye ukungu, analamba mtoto wake.

Chelel alikuwa ng'ombe wa Kogo Taprandich, mama ya baba yangu. Aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa mweupe mwili mzima isipokuwa masikio, meusi kama yamechovywa kwenye masizi. Tulikaa kilimani juu ya Silibwet. Siku hizo majani chai yalikuwa ya mashamba makubwa ya upande wa Kericho tu. Hapa mnapoona chai yangu imekatwa sawa kama meza, palikuwa nyasi, na ukungu ulikuja na kuondoka kama mwenye boma. Baba alichuma chai huko Kericho, akilala kwenye nyumba za laini za wafanyakazi, na mwisho wa mwezi alikuja na sukari, na koti linalonuka majani mabichi.

Mama yangu Esta alitutoka nikiwa na miaka sita, au saba, hakuna aliyeandika. Alimzaa ndugu yangu Kirui, na kabla wiki haijaisha homa ikamchukua. Walimzika nyuma ya ghala ya mahindi. Akabaki Kirui, mrefu kama mkono wangu, analia kwa sauti ya paka aliyefungiwa mahali. Wanawake waliokuja kutupa pole walimfunua, wakamwangalia, wakamfunika tena, kisha wakaanza kuongea habari ya mahindi. Hata mtoto alijua maana ya kuongea habari ya mahindi.

Kogo hakuongea habari ya mahindi. Alivaa sweta ya kijani ya mama, ikambana mabegani, akamfunga Kirui mgongoni na hakumtua tena isipokuwa kumlisha. Alimpa maziwa ya Chelel na maji yaliyochemka, kijiko kwa kijiko. Sweta ikiwa imefuliwa imeanikwa kwenye ua, mtoto alifunga mdomo, hakufungua. Mimi nilidhani Kogo anasikia baridi tu.

Sasa lazima niwaambie jambo ambalo watoto wa ng'ombe wa gredi hawalijui. Ng'ombe wetu wa kienyeji hakuwa wa kukamuliwa hivihivi. Ndama aanze kunyonya kwanza, mama amlambe, ndipo maziwa yanashuka. Hakuna ndama, hakuna maziwa, hata ukimwimbia. Na ndama wa Chelel akashikwa na ndigana. Siku tatu alisimama amening'iniza kichwa, na asubuhi ya nne tukamkuta amelala, macho wazi, Chelel akimsukuma kwa pua. Mimi nakumbuka majina ya ng'ombe wote wa boma letu, lakini huyo hana jina. Alikufa kabla hajapewa.

Jioni hiyo Chelel alipiga teke kibuyu kikavingirika mpaka mlangoni. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa, na halikutoka hata tone. Jirani yetu Bot Chelangat alituletea kikombe cha maziwa, akasema ng'ombe wake naye anakaribia kukauka. Kogo aliosha vibuyu vyote akavitundika mdomo chini. Nilipoviona vimepangwa hivyo, nikajua Kirui atamfuata mama.

Jumapili iliyotangulia, Mwalimu Arap Koros alikuwa ametufundisha habari ya Lazaro. Alikuwa mwalimu wa kanisa letu la udongo, mzee mwembamba, na alisimulia kama mtu aliyekuwepo siku hiyo, karibu na kaburi, ameshika kofia. Akifika kwenye harufu aliziba pua. Akifika kwenye siku nne alinyoosha vidole vinne, na kwa kuwa kimoja kilikatwa na panga zamani, sisi watoto tulihesabu siku tatu na nusu. Kisha alishusha sauti, akatuuliza, "Je, mnasadiki?" Tukajibu tunasadiki, tukiangalia kile kidole.

Basi asubuhi iliyofuata nikaenda nyuma ya ghala, nikapiga magoti kwenye udongo ambao ulikuwa bado haujashuka. Tangu mama azikwe nilikuwa nimemwomba Mungu kila siku amwamshe, na sikuona kitu. Siku ile nikafikiri labda nimeanza na kitu kizito. Nikamwambia aanze na ndama. Ndama ni mdogo. Mkono ukishazoea, aje kwa mama.

Mchana huohuo Kogo akanituma kwa senge yangu Tabutany, dada ya baba, kule Silibwet. Nikae huko, nimsaidie na watoto, kisha nirudi na chumvi. Sikuuliza chumvi ya nini. Nilirudi siku ya tatu jioni, mfuko wa chumvi kichwani, miguu imekufa, nikala ugali nikalala hapohapo karibu na moto.

Kulipokuwa kunapambazuka nikasikia sauti. Ninyi mnaamshwa na simu. Mimi niliamshwa na maziwa yakigonga ndani ya kibuyu, kwanza makali, kisha mazito, kibuyu kinapojaa. Nikatoka. Ukungu ulikuwa umekaa chini hivi kwamba miti ilianza katikati. Na pale kwenye zizi, Chelel amesimama ametulia, Kogo amechuchumaa ubavuni, na mbele yake, kichwa kimeelekezwa kwa mama yake, amesimama ndama. Ndama wetu, yule mweupe, na doa jeusi mgongoni. Chelel alikuwa anamlamba shingo kwa ulimi mrefu, taratibu, macho nusu yamefungwa. Ndama hakutikisika. Nilifikiri bado ana usingizi wa kaburini.

Sikusogea. Niliogopa nikikanyaga kijiti nitaharibu. Nilirudi ndani, nikajifunika kichwa, nikahesabu kwa vidole vyangu, vyote vizima. Siku nne.

Ilikuwa Jumapili. Kanisani, wakati wa ushuhuda ulipofika, Arap Koros akauliza nani ana neno la shukrani, na mimi nikasimama kabla ya watu wazima. Kogo alinyoosha mkono anivute gauni, akachelewa.

"Ndama wetu alikufa," nikasema, "na leo amefufuka. Ni siku ya nne. Chelel ametoa maziwa. Sasa bado mama."

Watu wakageuka wakaniangalia. Kumbukeni kwamba wale wote walikuwa watu wa ng'ombe. Hakuna mtu mle ndani ambaye hakujua ng'ombe aliyefiwa hufanyiwa nini, isipokuwa mimi. Mzee Arap Rono alitoa kicheko kidogo cha puani, mke wake akamfinya, kikakatika. Bot Chelangat alishika kitambaa chake akakiweka machoni. Kogo alikuwa anaangalia sakafu, na mgongoni mwake Kirui, tumbo limejaa, alikuwa amelala fofofo.

Arap Koros alinitazama muda mrefu. Angeweza kuniambia kaa chini. Alisema, "Mtoto huyu ameona maziwa. Tumshukuru Mungu kwa maziwa." Akafumba macho akaomba, na maombi yake yalikuwa marefu kuliko siku zote, mpaka wazee wakaanza kubadilisha mguu.

Tulipofika nyumbani nilichukua kikombe cha mama, kile cha bati chenye ua jekundu, nikakijaza maji, nikaenda kukaa kaburini. Nilifikiri mtu akitoka huko lazima atakuwa na kiu. Nilikaa mpaka mchana ukapita. Siafu wakapita, nikawapisha. Kila ardhi ilipotoa sauti nilishika kikombe vizuri.

Ukungu uliporudi, Kogo akaja. Hakunigombeza. Alinishika mkono, mimi na kikombe changu, akanipeleka nyuma ya nyumba, pale chini ya paa, na ndama alikuwa amesimama ameegemea ukuta. Kogo akachukua mkono wangu akauweka tumboni kwa ndama. Ukaingia. Ndani mlikuwa na nyasi kavu. Miguu ilikuwa vijiti. Nywele zilikuwa zimelowa mate, na nilipolamba kidole changu kilikuwa na chumvi, ile niliyobeba mwenyewe kutoka Silibwet.

"Umenidanganya," nikasema. "Mimi na Chelel."

"Wewe nimekukosea," Kogo akajibu. "Ningekuambia kabla. Lakini Chelel sijamdanganya."

"Anafikiri ni mtoto wake."

"Chepng'eno, Chelel ana pua kuliko wewe na mwalimu wako. Anajua hiyo ni ngozi. Haisongi, hainyonyi, hailii. Anajua."

"Sasa kwa nini anatoa maziwa?"

Kogo alivuta mikono ya ile sweta ya kijani mpaka ikafunika vidole vyake. "Yamejaa," akasema. "Yanatafuta pa kwenda."

"Na mama?"

"Mama yako ataitwa siku ile wote wataitwa. Leo hapana. Lete hicho kikombe."

Akamwaga yale maji, akabeba ngozi begani kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akaenda kwa Chelel, na kikombe cha mama kikajaa maziwa ya Kirui.

Sitawaficha, nilimkasirikia Mungu. Misimu miwili niliinamisha kichwa kanisani na ndani yangu nilikuwa kimya kabisa. Lakini kazi ya kushika ngozi ikawa yangu. Kila alfajiri niliipaka chumvi, nikaisimamisha, nikashika miguu ya vijiti isiteleze, na Chelel akalamba, wakati mwingine akakosea akalamba na sikio langu. Alilamba mpaka nywele za shingoni zikaisha. Kirui akaota mashavu. Mvua kubwa ilipoanza, alikuwa anakaa mwenyewe na kuuma kijiko. Chelel alipokauka, Kogo alifumua ngozi, akatoa nyasi, akaitandika chini, na Kirui akalala juu ya ndugu yake.

Siku hizi Silibwet kuna wahubiri wenye spika kubwa, wanatangaza miujiza kutoka saa mbili mpaka saa kumi. Sicheki. Mungu hakuniuliza mimi afanye kazi yake namna gani. Lakini nikisikia mtu anaambiwa hakupona kwa sababu imani yake ni ndogo, namkumbuka yule mtoto wa kaburini na kikombe cha maji. Imani yake haikuwa ndogo. Ilikuwa inaangalia upande mwingine.

Mambo mengine nilielewa nimeshazeeka. Nilipomzika mume wangu Joseah, nilivaa koti lake mwaka mzima, jua likiwaka, watoto wakinishangaa. Ndipo nilijua Kogo hakuwa anasikia baridi. Mtoto alitaka harufu ya ile sweta, ndiyo, na Kogo pia alikuwa anaitaka. Esta hakuwa tu mke wa mtoto wake. Kwa nini sikuona, sijui. Nililala karibu naye kila siku.

Jumamosi Kirui alikuja kunitembelea. Ni babu sasa, tumbo mbele, bakora mkononi, chai yake anaipima mwenyewe kwenye kituo kwa kuwa hamwamini mtu. Alikaa juu ya ile ngozi, akavuta hewa, akakunja pua.

"Dada, hii kitu yako inanuka," akasema.

Nikamwangalia. Nilimwomba Mungu afufue mmoja. Nikangoja kaburini mchana kutwa, nimempa mgongo yule aliyekuwa anafufuka mgongoni kwa Kogo, kijiko kwa kijiko, na sikumwona.

"Kunywa," nikamwambia, nikamwongezea maziwa.